Beki Aliyebaki Nyuma

Nilivaa koti, na mke wangu akalisugua kombe mpaka likang'aa. Mtangazaji alikuwa anakuja kutengeneza kipindi kuhusu ubingwa wetu. Kumbe shida yake ilikuwa Pengo, beki wetu.

"Siku hizi wachambuzi wanasema bila yeye msingetwaa kombe," akasema, akifungua video ya fainali kwenye kompyuta yake.

Wivu ukanipanda. Beki! Mtu wa kubutua tu! Bao la ushindi nilifunga mimi.

Kwenye video, kipa wetu alikuwa ameshapitwa. Pengo akajitupa, akauzuia mpira kwa mdomo kwenye mstari wa goli. Ukamwangukia kiungo, akanipenyezea, nikafunga. Timu nzima ikanirukia. Yeye alibaki kule nyuma amepiga magoti, akipapasa nyasi, damu ikimchuruzika kidevuni.

"Pale anatafuta nini?" mtangazaji akauliza.

Hilo jina la Pengo nilimpa mimi, jioni ileile, ndani ya basi, na wote wakaangua kicheko.

Mke wangu alinitazama, akingoja.

"Atakuwa anafunga kamba za viatu," nikasema. "Hebu rudisha kidogo, tuone bao."