Wimbo wa Ndoo ya Buluu

Siku hizo, mwanamke aliyetapishwa na mimba tangu mwanzo hadi mwisho alikuwa na haki ya kufutiwa miezi hiyo kichwani mara tu anapojifungua. Saumu aliitumia haki yake, akarudi nyumbani na mtoto kifuani, mwepesi kama anayetoka harusini.

"Badru, njoo umwone anavyopiga miayo!" alimwita mumewe kwa mara ya kumi asubuhi hiyo. "Kama kuzaa kwenyewe ndiko huku, wa pili tumlete hata mwakani!"

Badru alicheka naye, lakini jicho lake lilikuwa kwenye ndoo ya buluu. Kwa miezi minane mkewe alilala ameikumbatia ndoo ile. Leo alikuwa ameijaza nepi chafu, bila kuikumbuka.

Mchana mtoto akaanza kulia. Saumu alimnyonyesha, akambadilisha, akamtembeza chumba kizima akimwimbia kila wimbo alioujua. Kitoto kikazidi kupasua koo.

Badru akaimwaga ile ndoo, akaifudikiza, akaipiga taratibu kwa vidole huku akiimba wimbo mfupi, akitua kila baada ya mstari kama mtu anayetafuta pumzi. Mtoto akanyamaza papo hapo, akageuza kichwa kuitafuta sauti.

"Looo!" Saumu alipiga makofi kwa furaha. "Wimbo mtamu huo! Umeutoa wapi?"

"Kwa mama mmoja aliyekuwa akimwimbia mwanawe tumboni, katikati ya kutapika," Badru alisema.

Saumu aliendelea kutabasamu, akisubiri atajiwe jina.