Kitufe cha Herufi Kubwa

Tunu alikuwa akichapa kwenye kompyuta tangazo la msiba wa Bi Mashavu, mkunga aliyezalisha nusu ya mji. Diwani Kibwana, aliyejiteua mgeni rasmi wa mazishi, alimsimamia begani.

"Jina langu liwe herufi kubwa tupu."

"Na la marehemu?"

"Marehemu hagombei mwakani. Lake liwe dogo."

Simu yake ikalia, akageuka kuipokea. Tunu akaandika BI MASHAVU, akazima herufi kubwa, kisha akakibandua kitufe chake kwa mkasi. Kikaruka sakafuni.

"Kimeng'oka, mheshimiwa. Sikioni."

Diwani akapiga magoti na suti yake, akapapasa chini ya meza, mbele ya jina la mwanamke aliyempokea duniani alipozaliwa uchi. Tunu akakikanyaga kitufe, akaendelea kuchapa.