Moyo Juu ya Dole Gumba

Verna alipoinua macho mara ya pili, yule mwanamke alikuwa anamfuta Harlan aisingi kidevuni kwa ncha ya kidole, kisha akakilamba kidole chenyewe.

"Umewaona wale?" Opal akamnong'oneza. Opal alitoka mji wa Flint, na walikuwa wamejuana asubuhi hiyo tu, walipopangwa pamoja kwenye meza ya kuchanganya aisingi, ile sukari laini ya kupambia biskuti. "Watu wazima wale, wanalishana kama njiwa. Hawana hata haya."

"Hawana," Verna akasema, akaendelea kupiga sukari na ute wa mayai mpaka mwiko ukasimama wenyewe.

Ilikuwa sikukuu ya makanisa ya jimbo zima la Michigan, ukumbini mjini Lansing. Kila aliyefika alipewa biskuti yenye umbo la jimbo lao, yaani kiganja cha mkono: vidole vinne vimebanana, dole gumba limejitenga pembeni. Unaizungushia ukingo kwa aisingi nzito, unajaza katikati kwa aisingi nyepesi ya buluu, unatoboa mapovu kwa kijiti cha meno. Halafu, kabla haijakauka, unadondosha moyo mwekundu wa aisingi pale palipo nyumbani kwako. Moyo ukishazama hautoki tena. Ukijaribu kuubandua, unaharibu biskuti yote.

Verna wa kwake alishaudondosha. Aliuweka kwenye ncha ya dole gumba, kule kunakoitwa Gumbani, kwenye nyumba yake nyeupe ya mbao ambamo Harlan alikuwa na msumari wake wa kutundikia kofia, kikombe chake, na upande wake wa kitanda.

Yule mwanamke alikuwa na shingo ndefu na kicheko kisichokwisha. Nadine, ndivyo kibandiko kifuani kilivyosema. Mkono wake ulikuwa umetulia begani kwa Harlan, juu ya shati ambalo Verna mwenyewe alilishona kifungo Alhamisi.

Harlan akaja na kibakuli.

"Naomba nyekundu kidogo, dada," akasema kwa sauti ya kusikika.

"Leo nimekuwa dada?" Verna akamchotea polepole, akainamisha kichwa. "Uliniahidi, Harlan. Ulisema leo utauweka Gumbani, mbele ya watu, na yule naye aone."

"Siyo hapa, Verna."

"Basi wapi? Nenda. Mimi nautazama mkono wako tu."

Harlan akarudi mezani kwake, akajaza kifuko cha kubinyia aisingi, akainamia biskuti. Verna akaacha kukoroga. Mkono wa Harlan ulielea juu ya dole gumba, ukasita. Tone jekundu likavimba kwenye ncha ya kifuko. Nadine akamwambia neno sikioni, wakacheka wote wawili, na mkono ukahama. Ukapanda mpaka juu kabisa, kwenye ncha ya kidole cha pete, kule kwenye maziwa ya kaskazini. Ukabinya. Moyo ukazama kwenye buluu, ukatulia.

"Shoga, unamwaga sukari," Opal akasema.

Nadine alikuwa anakuja, biskuti imekaa kiganjani mwake kama kifaranga.

"Jamani dada zangu, nitafutieni kiboksi. Hii hailiwi na mtu, lazima wajukuu wetu waione. Babu yao anavyozunguka huko na huko kutengeneza mashine za kukamulia ng'ombe, nilidhani ameshasahau nyumbani ni wapi." Akamgeukia Verna kwa uso mkunjufu. "Na wewe, mwenzangu, mumeo yuko meza ipi?"

"Sijaolewa," Verna akasema, akainama kutafuta kiboksi.