Karatasi ya Mwisho kwenye Farde

Karatasi aliyoshika Directeur wa shule yetu ilikuwa yangu. Niliijua kwa doa la mawese pembeni, kwa sababu niliiandikia jikoni.

Mwanzo wa mwaka, mwalimu wetu, Madame Ursule, alitupa kila mmoja farde ya kukusanyia kazi zetu zote. Nyuma kabisa aliweka karatasi moja tupu.

"Hapa mutaandika mambo yenye hamujaelewa," alisema. "Muandike kweli. Hakuna mutu mwingine atasoma, ni miye tu."

Mjinga mimi, niliandika kweli. Niliandika kwamba kugawanya kunanishinda, na kwamba hesabu zote zilizo ndani ya farde alinifanyia dada yangu.

Sasa maneno hayo yalikuwa yamepigiwa mstari mwekundu, na Directeur alikuwa anamsomea mama yangu.

"Ni mutoto mwenyewe ameandika, mama. Donc atarudia mwaka wa tano."

Mama alinitazama. Mimi nilimtazama Madame. Yeye alitazama dirisha.

Mwezi wa tisa nilikaa tena kwenye banc ileile ya mwaka wa tano. Madame akagawa farde mpya.

"Muandike kweli," akasema.

Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote: Nimeelewa yote, Madame.