Fomu Nene ya Safiyo

Kwenye mstari wa jina kamili, Safiyo alikuwa amefika kwa babu wa saba kalamu ilipokauka.

"Chukua hii," akasema Mzee Abshir, akitoa nyingine mfukoni mwa koti lake la kaki. "Bado babu watatu."

"Adeer, mstari umeisha. Sasa naandika ukingoni," alisema Safiyo, akimwita ami kwa heshima ya Kisomali.

"Na ukingo uliwekwa wa nini?"

Hersi, baba yake Safiyo, alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba yao ya Kiwanjani. Akacheka kwa kuridhika. Alikuwa na lori la kupeleka mahindi Sericho, hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, na mambo ya Chuo Kikuu aliwaachia wanaoyajua. Mwaka huo wa 1979, katika mji mzima wa Isiolo, aliyeyajua alikuwa mmoja tu. Abshir alifanya kazi Chuo Kikuu miaka kumi na moja, upande wa fomu za maombi. Alistaafu akarudi na miwani, lile koti, na barua ya shukrani yenye mhuri.

Safiyo alitaka kusomea udaktari wa mifugo. Alikuwa msichana wa kwanza mtaani kwao kufika kidato cha sita. Akikosa nafasi, shangazi zake wa Sericho walikuwa tayari na mchumba, bwana mmoja mwenye ngamia sitini na meno manne, ambaye alikwisha kuuliza kama bibi harusi anajua kukamua.

"Mwalimu Marete alituambia tuandike kidogo," Safiyo alisema. "Majina matatu. Sababu ya kuchagua kozi, mistari mitano. Tusibandike kitu chochote."

"Huyo Marete amesoma fomu ngapi?"

"Sijui, Adeer."

"Mimi nimesoma maelfu. Maelfu! Na nikuambie jambo moja, uliweke moyoni. Kwa miaka kumi na moja, fomu fupi na safi haikupita mikononi mwangu. Hata moja!"

Hersi akamtazama binti yake kama mtu aliyeshinda kesi. "Umesikia? Andika."

Akaandika. Mistari mitano ikawa kurasa tisa, zikabandikwa kwa uji wa unga wa ngano. Alieleza jinsi ng'ombe wa babu yake walivyokufa kwa ukame, kila mmoja kwa jina lake. Kisha Abshir akataka aeleze vita alivyopigana babu huyo kule Burma.

"Vita vinahusiana nini na mifugo?" Safiyo aliuliza.

"Kulikuwa na nyumbu wa kubeba mizigo. Andika nyumbu."

Ikafika zamu ya picha. Fomu ilikuwa na mraba mdogo wa kubandika uso. Abshir aliutazama mraba ule kwa huruma.

"Uso peke yake ni wa kitambulisho. Watajuaje kwamba unapenda wanyama?"

Basi ikabandikwa picha ya Safiyo, baba yake, lori, na ngamia. Shingo ya ngamia ilibidi ikunjwe nyuma ya karatasi.

"Kulikuwa na kijana mmoja wa Oldonyiro," Abshir alikumbuka, akifuta miwani. "Alieleza maradhi ya mama yake kurasa kumi na nne. Nililia kama mtoto."

"Akapata nafasi?"

"Binti, maneno yake nayakumbuka mpaka leo. Hiyo ndiyo fomu!"

Siku ya mwisho ya kutuma, wote watatu walikwenda posta asubuhi. Mwalimu Marete aliwakuta mlangoni, akaipima bahasha kwa mkono.

"Habari zenu. Safiyo, hii ni fomu ama ni kitambaa cha suti?"

Safiyo akainamisha kichwa. Marete akafungua mkoba wake.

"Sikiza. Shuleni imebaki fomu moja, ninayo hapa. Gari la barua linaondoka saa nne. Kaa kwa benchi hilo, nusu saa inatosha, tuijaze upya."

Safiyo akamgeukia baba yake haraka. "Aabo, tafadhali."

Hersi alisita. Aliitazama ile fomu tupu, nyembamba, isiyo na babu hata mmoja. Kisha akamtazama Abshir, ambaye alikuwa amesimama wima kama askari wa gwaride.

"Mwalimu, salaam aleikum na ahsante," Hersi alisema. "Wewe umesimama nje ya mlango wa Chuo Kikuu. Huyu mzee alikuwa ndani."

Akaichukua bahasha, akaisukuma kwenye tundu la sanduku. Haikuingia. Abshir akaisaidia kwa ngumi.

Saa nne kamili gari la barua liliondoka. Walilitazama wote wanne likipita kizuizi cha polisi na kupanda kuelekea Nanyuki, mpaka vumbi likatulia.

"Mzee, nisamehe kwa kuuliza," Marete alisema. "Huko Chuo Kikuu ulikuwa ofisi gani hasa?"

"Ofisi?" Abshir alinyoosha kola ya koti lake. "Ofisini walikaa maprofesa. Wakishawachagua wanaowataka, fomu za hao zilifungiwa kabatini, hizo sikuzitia machoni. Zile nyingine zote ndizo nilizoletewa mimi, uani, gunia kwa gunia, na kiberiti. Lakini Mungu ni shahidi yangu, mwalimu, sikuchoma hata moja kabla ya kuisoma."