Teke la Punda

Beberu mwenye majivuno alifanya mazoezi ya kung-fu na Punda mpole. Kila asubuhi waliinamiana kwa heshima, kisha Beberu akampiga mwenzake pembe za mbavu mpaka ngozi ikachubuka. Punda hakulalamika, na teke lake halikumgusa Beberu hata siku moja.

Beberu akamcheka mbele ya wanyama wote. "Eti shukrani ya punda ni mateke! Yako yako wapi, ndugu yangu?"

Punda akageuka, akarusha teke. Ukwato ukasimama mbele ya pua ya Beberu, ndevu zikapeperuka.

"Yote huishia hapo," akasema Punda. "Nayazuia mwenyewe. Tunafundishana, hatupigani."

Beberu akazitazama zile mbavu za Punda zilizochubuka. Akainama kama ilivyo desturi, ila safari hii akashindwa kuinua kichwa.