Kinu Kipya cha Bwanausi

Mwaija aliusimamisha mchi hewani, akasikiliza. Yeye katoka chooni sasa hivi, na mumewe kaingia papo hapo. Hakohoi, hamwagi maji. Mwaija akasogea kwenye ua wa makuti, akachungulia penye tundu.

Bwanausi alikuwa amechuchumaa, anautazama mchanga pale pale alipokojoa mkewe.

"Bado," alinong'ona, kisha akatoka.

Mwaija akarudi upesi kinuni. Alijua watu huchukua unyayo, huchukua nywele. Mkojo je?

Alikuwa mke wa tatu katika nyumba ile, na wawili waliomtangulia walikuwa dada zake wa tumbo moja. Mwajabu alizikwa kwanza. Mwanaharusi akaletwa kulea watoto wa marehemu, kwa kuwa damu hulelewa na damu. Naye akazikwa. Habari zilizofika kwao Mkange zilikuwa zile zile mara zote mbili: alikonda akabaki mifupa, akalia kiu mchana na usiku, akafa. Sasa zamu ilikuwa yake.

Na kinachoua alikiona mwenyewe tangu siku za mwanzo. Bwanausi alikuwa mpika halua mwenye jina Bagamoyo nzima, uwezo anao. Lakini mtumishi wa nyumbani alimwachisha kazi wiki ile ile ya ndoa. Kisima kimo uani, mkewe akatumwa maji ya Kaole. Punda kafungwa bandani, ananenepa, kuni anazibeba Mwaija. Akirudi, kinu kinamngoja.

Kinu chenyewe kilikuwa kipya, cheupe, bado kinanuka mti. Watoto walisema baba yao alikwenda kwa daktari Dar es Salaam baada ya arobaini ya mama yao mdogo, na siku aliporudi alikuwa nacho begani. Mwaija akaelewa. Cha zamani dada zake wamekitwangia mpaka kikapasuka.

Halua ya nyumba ile hakuijua ladha yake. Siku moja aliramba mwiko tu, Bwanausi akaupokonya.

"Hiyo ya wateja."

"Kidogo tu, bwana."

"Hata kidogo. Mtama ule pale, haujatwangwa."

Basi asubuhi ile, neno "bado" likimzunguka kichwani, Mwaija alitwanga mpaka akamaliza ili asishukiwe. Akajitwika mtungi kama mtu anayekwenda Kaole, khanga zake kazificha ndani yake. Hakushika njia ya Kaole. Alipenya nyuma ya nyumba hadi kwa Bi Tatu, jirani aliyewaosha dada zake wote wawili walipokufa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mtungi mkavu, jasho la nini?"

"Niambie njia ya Mkange nisiyoonekana nayo."

Bi Tatu akauweka chini ukili aliokuwa akisuka. "Umegombana na bwana?"

"Hajanigombeza hata siku moja. Ananitazama tu, anangoja." Mwaija akautua mtungi, akamfunulia viganja, sugu juu ya sugu. "Bibi, mimi najua. Dada zangu aliwaua kwa kazi. Wewe uliwaosha, uliishika mikono yao. Niambie kweli, haikuwa hivi?"

Bi Tatu akavipokea vile viganja, akavipapasa kwa kidole gumba.

Ng'ambo ya ua sauti ya Bwanausi ikaita. "Mwaija. Mwaija, uko wapi?" Miguu ilikuwa ikija mbio.

Mwaija akajaribu kujichomoa. "Bibi, nifiche."

Bi Tatu hakumwachia mikono.

"Yao ilikuwa laini kama pamba," alisema. "Dada zako hawakushika mchi wala ufagio, mwanangu. Kwa alivyowapenda aliwaketisha kitandani, sinia la halua mapajani, mpaka mkojo wao ukawa mtamu, na pale walipokojoa sisimizi wakaja kwa safu."